Mama wa Cherehani Atoweka

Bwana Glavu hakumruhusu Inspekta kugusa hata mlango wa kabati mpaka avae glavu, na glavu pekee zilizobaki zilikuwa za kipimo cha msichana mdogo. Kwa hiyo upekuzi rasmi wa Hifadhi ya Picha ya chuo kikuu, uliofanywa kwa kibali cha polisi na heshima zote za dola, ulifanywa na mwanamume mwenye mabega ya mbeba mizigo aliyetembea huku amekunja vidole kama kaa anayeomba radhi.

"Vidole vina mafuta," Bwana Glavu alieleza. Alikuwa mtunza hifadhi, mwembamba, mwenye tai, na alipewa jina hilo na wanafunzi kwa sababu hata chai aliinywa na glavu nyeupe mkononi. "Ukishika picha vibaya leo, baada ya miaka kadhaa dole gumba lako litakuwa limemla mtu uso."

"Mimi nimewahi kukamata vidole vilivyofanya makubwa zaidi," Inspekta alisema. "Pole. Fungua sanduku linalofuata."

Neno hilo ndilo lililompatia Inspekta jina lake. Kituoni walimwita Inspekta Pole, maana kabla ya kila swali linalouma alimpa mtu pole kwanza, kama daktari wa meno anayeonyesha koleo. Wezi wazoefu wakisikia pole ya tatu walianza kutafuta wakili.

Kilichopotea kilikuwa picha moja. Ingekuwa mahali pengine, mtu angepiga nakala nyingine na maisha yangeendelea. Lakini hii ilikuwa Mama wa Cherehani, picha ya gazeti ya zamani inayojulikana na kila aliyewahi kukaa darasa la historia: mafuriko yameufunika mtaa wa maduka, na mwanamke mmoja anavuka maji ya magotini, cherehani kichwani, akimtazama mpiga picha kama mtu aliyemdai kodi. Filamu yake iliharibika kitambo. Nakala za gazetini zilitoka nyeusi kama zimechapwa kwa masizi. Picha halisi, iliyosafishwa na mpiga picha mwenyewe katika chumba cha giza, ilikuwa moja tu, na jalada lake lilikuwa tupu.

Mshukiwa naye alikuwa mmoja tu. Huyu alikuwa mhadhiri kijana wa idara ya historia ambaye wenzake walimwita Daktari Mpya, kwa kuwa udaktari wake ulikuwa bado unanukia rangi. Mchana huo huo, baada ya chakula, kamati ya ajira ilikuwa inakaa kuamua kama atathibitishwa kazini. Picha ikipatikana, atathibitishwa. Isipopatikana, atatoka chuoni na barua ya kufukuzwa mkono mmoja na wito wa mahakama mkono wa pili, na hakuna chuo kingine ambacho kingemwachia hata funguo za choo.

Bwana Glavu alifungua sanduku lililoandikwa MIFUGO.

"Huku nako ulitafuta?" Inspekta aliuliza.

"Nimetafuta kila mahali. Mafuriko, wanawake, biashara, mitaa, mashine. Mifugo nimeipitia kwa ajili ya dhamiri tu." Alianza kuzigeuza picha moja moja kwa unyenyekevu wa mtu anayefunua kurasa za kitabu kitakatifu. Ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mwingine wa maziwa. Waziri na ng'ombe wa maziwa. Picha kadhaa zilikuwa zimevikwa fremu nyeusi za karatasi ngumu, pana kiasi kwamba picha yenyewe ilichungulia katikati kama mtu aliye ndani ya kisima.

"Nani kafa?" Inspekta aliuliza.

"Hizo zinatoka darasani kwa Profesa. Ndiyo mtindo wake. Muda si mrefu hifadhi nzima itaonekana iko msibani."

"Huzitoi?"

Bwana Glavu alisimama wima. "Chochote kilichoshikamana na picha, kukibandua ni kazi ya fundi wa karakana, kwa idhini ya maandishi. Mimi kazi yangu ni kupokea na kuweka. Picha inakaa pale ambapo maelezo yake yanasema ikae. Kanuni hiyo haijawahi kunitupa."

Inspekta alikuwa ameinamia fremu moja nyeusi. Ndani yake, katika uwazi uliokatwa pembeni, alisimama kuku. Chini yake kilibandikwa kipande cha karatasi kilichopigwa chapa: Kuku bora wa mwaka, maonyesho ya kilimo.

"Huyu kuku mbona amelowa?"

"Kuku hulowa."

"Kwenye maonyesho?"

"Labda ilinyesha."

"Wakampandisha juu ya bati kumpa zawadi?"

"Inspekta," Bwana Glavu alisema kwa upole wa mtu anayehesabu mpaka kumi, "tunatafuta mwanamke mwenye cherehani au tunatafuta kasoro za kuku?"

Inspekta alikiri kwamba kuku hakuwa na kesi ya kujibu. Sanduku likafungwa.

*

Daktari Mpya alikuwa ofisini kwake, chumba chembamba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio na bado kilikuwa na msumari wa kutundikia ndoo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya kiti, umefungwa bendeji. Inspekta alikosa pa kukaa, akakalia rundo la magazeti yaliyofungwa kwa kamba.

"Pole kwa mguu."

"Asante."

"Hiyo pole ilikuwa ya mguu. Zinazokuja si za mguu. Asubuhi iliyofuata baada ya semina ya Profesa uliingia hifadhini peke yako."

"Niliingia kutafuta picha nyingine za mpiga picha yule yule. Bwana Glavu alikuwepo mlangoni."

"Alikwenda kujaza chai."

"Basi alikwenda na glavu zake, na mimi nikabaki na uaminifu wangu."

"Ukatoka na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Mkuu wa Kitivo alikuona kwa macho yake. Nilipokuuliza juzi ukasema ni mambo binafsi. Leo nauliza tena, pole, kwa mara ya mwisho kabla sijauliza mbele ya kamati."

Daktari Mpya alitazama dari, akatazama msumari wa ndoo, kisha akavuta droo. Bahasha ilikuwa ya kaki, kubwa, na ndani yake mlikuwa na picha ya eksirei. Inspekta aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kifundo cha mguu kilionekana vizuri sana, kikiwa na ufa mdogo.

"Mechi ya wahadhiri na wanafunzi," Daktari Mpya alisema kwa sauti ya chini. "Nilifunga bao."

"Hongera."

"Golini kwetu. Nikaanguka nikiwa nashangilia. Sikujua upande."

Inspekta, ambaye aliwahi kusikia maungamo ya mauaji bila kukunja uso, aligeukia dirisha na kukohoa kidogo. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa wa serikali kabisa.

"Hilo halitaingia kwenye ripoti. Sasa nieleze kuhusu makala yako, kama unavyomweleza mtu ambaye historia alipata alama ambayo mama yake aliificha."

Daktari Mpya alichangamka papo hapo, kama taa iliyopata umeme. Profesa, alisema, ndiye aliyemfundisha kila kitu. Katika kitabu chake mashuhuri Profesa aliandika kwamba Mama wa Cherehani ni picha iliyonaswa ghafla, bila kupangwa, mfano bora wa ukweli wa kazi ya picha za habari. Yeye Daktari Mpya aliitazama picha halisi kwa kioo cha kukuzia, akaona kitu kwenye gauni. Kuna mstari wa maji. Gauni limelowa mpaka juu ya kiuno, wakati maji anayoyavuka yanaishia magotini.

"Maana yake?"

"Maana yake alishavuka, akaingia kwenye maji marefu, halafu mpiga picha akamwomba arudi avuke tena. Ndiyo maana anamtazama vile. Wewe ukibebeshwa cherehani mara mbili ungemtazamaje?"

"Ningemkamata. Na mstari huo unaonekana kwenye nakala za gazetini?"

"Hauonekani. Gazetini gauni lote ni doa jeusi. Ni kwenye picha halisi tu. Jarida limekubali makala yangu, ila wahariri wanataka kuiona picha kwanza."

"Na isipokuwepo?"

"Makala inakufa."

Inspekta aliivua kofia yake na kuiweka gotini. Mkuu wa Kitivo alikuwa amemwambia mambo kinyume kabisa: kijana ameiba picha kwa sababu picha ingemwumbua. Lakini mtu haendi kumzika shahidi wake mwenyewe siku ya kesi. Katika jengo hili lote, aliyekuwa na hamu kubwa kuliko wote ya kuiona picha ile mezani alikuwa huyu mwenye bendeji.

Aliyekuwa na sababu ya kuificha alikuwa mwingine. Alikuwa ghorofa ya juu, na jina lake lilikuwa kwenye jalada la kitabu.

*

Kwenye ngazi alikutana na Mkuu wa Kitivo akishuka, mtu mnene wa suti ya kijivu, mwenye kawaida ya kuzungumza kana kwamba mtu anaandika kumbukumbu za kikao nyuma yake.

"Inspekta, kamati inakaa mara tu tukimaliza kula. Nataka jina."

"Unalo lipi mkononi?"

"La yule kijana."

"Pole, Mkuu. Shikilia chakula kwanza."

Chumba cha semina kilikuwa kirefu, chenye madirisha upande mmoja na meza kubwa katikati iliyojaa alama za vikombe. Profesa alikuwa amekaa juu ya meza, si kwenye kiti, miguu ikining'inia, akinyonya peremende. Alikuwa na nywele nyeupe fupi na miwani mbili: moja usoni, nyingine kichwani, na wakati wote alikuwa akitafuta ya tatu.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kunikamata?"

"Bado sijajua, Profesa."

"Basi kaa. Kama ni leo, nitahitaji koti."

Inspekta alimuuliza alivyoanza kazi hii, kwa sababu mshukiwa akianza kusimulia ujana wake huwa analegeza mikono. Profesa hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa mwanafunzi, alisema, gazeti moja likahamia jengo jipya na kutupa picha zake za miaka yote nyuma ya jengo, kwenye mvua. Alikodi mkokoteni. Alizijaza nyumbani kwa wazazi wake, chumbani, ukumbini, chini ya kitanda cha bibi, mpaka baba yake akamuuliza kama picha hizo nazo zitahitaji kulishwa. Kila mtu alimwambia historia ni nyaraka na mikataba, picha za gazeti ni za kufungia maandazi. Akaandika tasnifu kuhusu picha za kufungia maandazi. Leo hifadhi ile ilikuwa na vyumba vitatu na mtu wa glavu.

"Na uti wa mgongo wa tasnifu hiyo ni Mama wa Cherehani."

"Uti wa mgongo, mbavu, na sehemu kubwa ya mshahara."

"Pole kwa swali hili. Daktari Mpya akiwa sahihi, kitabu chako kinakuwa nini?"

"Kinakuwa kitabu chenye kosa. Viko vingi, vingine vinafundishwa mpaka leo."

"Na wewe?"

Profesa alihamisha peremende kutoka shavu moja hadi lingine. "Mimi nakuwa mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameona alichokuwa hajakiona. Wako waliostaafu hawajampata hata mmoja. Hata hivyo hayuko sahihi. Yule mama ametokea mtaa wa chini, kwenye maji marefu. Ni wazi kabisa. Lakini kosa lake ni zuri, limefanyiwa kazi."

Alisema hayo akitabasamu kama mtu aliyeona mjukuu wake akitembea. Inspekta alikuwa amehoji waongo wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuning'iniza miguu kwa raha namna ile.

"Kwa nini basi uliita wizi?"

"Mimi nilisema picha haimo. Wizi ni neno la Mkuu. Mkuu hata kalamu yake ikidondoka anapiga simu polisi."

"Mara ya mwisho kuiona?"

"Hapa hapa, siku ya semina. Wanafunzi wangu lazima waishike picha halisi, waone rangi ya kusahihishia, waone penseli ya mhariri. Kisha nikairudisha kwa mikono hii miwili, pamoja na picha nyingine za zoezi. Glavu aliipokea."

"Una hakika? Hukuwa na jambo lingine kichwani?"

"Nilikuwa nabishana na Daktari Mpya. Alinidaka mlangoni kipindi kinaisha, tukabishana kuhusu lile gauni kutoka hapa mpaka mezani kwa Glavu. Nilikuwa nashinda."

"Yeye anasema alikuwa anashinda yeye."

"Ni kijana. Atapona."

Inspekta alisimama, akaanza kutembea kando ya meza. Profesa alitoa picha kwa mikono miwili. Glavu alipokea. Wote wawili walisema hivyo mara ya kwanza, ya pili na leo, na hakuna aliyetetereka. Basi picha ilifika hifadhini. Na kijana hakuitoa. Kitu kilichoingia na hakikutoka bado kimo ndani.

"Zoezi lenyewe lilikuwa la nini?"

Profesa aliruka chini kutoka mezani kwa wepesi uliomtisha Inspekta kidogo, akavuta bahasha kutoka kabatini, akamwekea mbele picha yenye fremu nyeusi. Ndani ya fremu mwanamume mmoja alikuwa ameinama, kiganja usoni, mabega yameanguka.

"Nieleze unachoona."

"Mtu analia. Amefiwa. Au amefilisika."

"Polisi mzima." Profesa aliingiza kucha kwenye pembe nne za karatasi zilizoshikilia fremu, akaivuta, na fremu ikatoka. Kumbe haikuwa fremu. Ilikuwa karatasi ngumu yenye ukubwa wa picha nzima, iliyokatwa dirisha dogo katikati. Mwanamume yule alikuwa kwenye meza ya sherehe, amezungukwa na watu walioangua kicheko, na yeye mwenyewe alikuwa amecheka mpaka hawezi kupumua.

"Hivi ndivyo mhariri anavyoweza kudanganya bila kubadilisha chembe ya picha. Anakata tu. Kila mwaka nawapa wanafunzi kazi: kata dirisha, tunga maelezo ya uongo, bandika chini, mwenzako akisadiki umefaulu. Mwaka huu mmoja amegeuza foleni ya benki kuwa mashindano ya kusimama."

Inspekta alikuwa ameacha kutembea.

"Kipindi kikiisha madirisha yanatolewa?"

"Sharti. Kila mmoja hutoa la kwake. Yanayotumika mwaka mzima tu ndiyo tunaacha, kama yale ya ng'ombe."

"Na la mwalimu hutolewa na nani?"

"Mwalimu," Profesa alisema, na kinywa chake kikabaki kimefunguka kidogo.

"Mwalimu alikuwa anabishana kuhusu gauni," Inspekta alisema. "Na alikuwa anashinda. Usiniambie mfano wako ulikuwa wa picha gani. Nijibu hili tu, pole sana: ndani ya Mama wa Cherehani, mahali fulani juu ya paa la bati, kuna kuku aliyelowa?"

Profesa alimeza peremende nzima.

*

Msafara ulioingia hifadhini haukuwa na mpangilio wa vyeo. Profesa alitangulia karibu anakimbia, Inspekta nyuma yake akivaa tena glavu za msichana, Daktari Mpya akichechemea kwa kushika ukuta, na Mkuu wa Kitivo mwishoni, leso ya chakula bado shingoni.

"Mifugo," Inspekta alisema.

Bwana Glavu alilifungua sanduku bila kuuliza, maana uso wa Profesa ulikuwa umeshamjibu maswali mengi. Ng'ombe wa maziwa walipita. Waziri alipita. Kuku bora wa mwaka akawekwa mezani, amelowa vile vile, ametazama pembeni kama anayekataa kuhojiwa.

"Fremu haitolewi bila idhini ya maandishi," Bwana Glavu alisema, lakini sauti ilimwishia njiani.

"Hiyo si fremu, ndugu yangu," Profesa alisema. "Hiyo ni mimi." Akavaa glavu zake, akabandua pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akainua karatasi nyeusi.

Mtaa mzima ukatokea. Maji, maduka yaliyofungwa, mapaa, anga nzito, na katikati yake mwanamke, cherehani kichwani, akiwatazama wote watano waliokuwa chumbani kana kwamba wamechelewa. Kuku alibaki pale pale pembeni juu ya bati, mdogo, asiye na cheo chochote.

Bwana Glavu alivuta kiti akakaa. "Nimempita mara tatu," alisema. "Nikasoma maelezo yake. Nikasema moyoni, kuku mzuri."

"Maelezo yalikuwa yangu," Profesa alimwambia. "Yameandikwa ili mtu asadiki. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningejipa mimi sifuri, na wewe ningekupa pole."

Mkuu wa Kitivo alikohoa kama anayefungua kikao. "Kwa hiyo mwizi..."

"Hakuna," Inspekta alisema. "Picha haikuwahi kutoka humu. Imekuwa ikiishi na ng'ombe."

Wakati huo Daktari Mpya alikuwa ameshainamia meza, kioo cha kukuzia machoni. "Tazama. Mstari ule pale. Juu ya kiuno."

"Mtaa wa chini," Profesa alisema, naye akiinama. "Maji marefu."

"Mtaa wa chini uko mgongoni kwa mpiga picha. Yule mama anatokea mbele yake. Huko unakoonyesha barabara inapanda."

Profesa alisogeza uso karibu zaidi na meza. Alishusha miwani ya kichwani akaiongeza juu ya ile ya usoni. Barabara nyuma ya yule mama ilipanda. Ilipanda kabisa; kizingiti cha kila duka kilikuwa juu kuliko cha jirani yake, mpaka la mwisho likawa kavu. Profesa alitazama vizingiti, akatazama gauni, akarudi kwenye vizingiti.

"Hm," alisema, na ile hm ilikuwa na furaha ndani yake. "Endelea."

Inspekta alilazimika kuwashika wote wawili viwiko na kuwasukuma mlangoni, kwa sababu kamati ilikuwa inangoja na wao walikuwa wamesahau kwamba kuna kamati.

*

Ndani ya ukumbi wa mikutano Inspekta alitoa ripoti fupi kuliko zote alizowahi kutoa, akaomba radhi kwa ajili ya kuku, akaambiwa anaweza kukaa. Mkuu wa Kitivo alipendekeza suala liandikwe kuwa ni hitilafu ya kiutaratibu, bila kutaja watu. Profesa aliinua mkono kama yuko darasa la tatu.

"Mimi natajika," alisema. "Andikeni: Profesa alisahau kutoa karatasi yake mwenyewe kwenye picha aliyoitazama maisha yake yote. Na mkishaandika hilo, andikeni la pili. Nimemtazama yule mama usoni kwa miaka yote hiyo. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu macho yake. Sikuwahi kutazama gauni, wala barabara nyuma yake. Huyu kijana ametazama. Sijakubali kila kitu anachosema, na siku nikikubali nitakuwa nimekwisha andika kitabu kingine, ana bahati mbaya. Lakini mkimwacha aende, mimi nitabishana na nani?"

Wajumbe walitazamana. Mmoja alitaka kujua kama ni kweli pia kijana alijifunga bao. Daktari Mpya alisema ni kweli. Mjumbe akasema alikuwepo, lilikuwa bao zuri.

Walimthibitisha kabla chai haijapoa.

Walipotoka koridoni, Daktari Mpya aliegemea ukuta kwa muda, kama mtu aliyeshushiwa gunia, kisha akatoa simu na kumpigia mama yake. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na sauti yake haikustaafu. Wote walimsikia bila simu kuwekwa spika.

"Mama, nimethibitishwa. Ndiyo. Hapana, sijakamatwa. Ilikuwa kuku wa Profesa. Nimesema kuku, mama. Mama, si mzaha." Alisikiliza, akaondoa simu sikioni, akamwelekea Inspekta kwa aibu. "Hanisadiki. Anataka kuongea na polisi."

Inspekta alishika simu kwa mikono miwili na kusimama vizuri. "Mama, hapa ni polisi. Mwanao ni msafi. Kazi anayo."

"Ya kudumu?"

"Ya kudumu, mama."

Upande wa pili ilisikika pua ikipengwa, kama ya mtu anayejifuta macho kwa pembe ya kanga. Sauti iliporudi ilikuwa imeshakauka machozi.

"Asante, mwanangu. Na huyo mwalimu wake, aliyemwacha mtoto wangu aitwe mwizi kwa sababu ya kuku wake, yupo hapo?"

Profesa alirudi nyuma. Alitikisa kichwa, akatikisa mikono yote miwili, akaonyesha mlango kumaanisha kwamba ameshaondoka, yuko mbali, labda amesafiri. Inspekta alimtazama. Kisha akatazama simu.

"Yupo, mama," alisema. "Amesimama hapa hapa."

Profesa aliipokea simu. Alivua miwani zote mbili, akaweka miguu pamoja.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akasikiliza kwa muda mrefu sana, akiitikia ndiyo, ndiyo mama, ni kweli mama, mpaka mwishoni akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Hapana, mama. Sitarudia."